Katulia au kanyamazishwa? Kisa cha mtoto wa siku moja

"Dokta, mbona ananyonya na ziwa halipo?"

Swali hilo aliniuliza mama mmoja wa miaka 22, saa kumi na moja alfajiri, wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja hapa Dar ambayo siitaji, na mi nilikuwa daktari wa mafunzo nina miezi minne tu kazini, macho yamevimba kwa usingizi, nikasogea kitandani nikijua ni yale mambo ya mama wa mtoto wa kwanza kuogopa kila kitu. Nikakuta mdomo wa mtoto unafyonza hewa, taratibu, kwa mdundo uleule, macho yote mawili yameenda kulia yamegandia huko, na mguu wa kushoto unapiga pedeli kama yuko kwenye baiskeli. Nikaushika ule mguu nikaukunja kwenye goti. Ukaendelea kugonga mkononi mwangu.

Hapo kwenye kuushika ndo pana maana, kwa wasiojua. Mtoto mchanga anatetemeka kwa sababu kibao, baridi, njaa, kelele za mlango, lakini mtetemeko wa kawaida ukiushika unakatika, wa degedege unauhisi bado unagonga chini ya vidole. Na wa kawaida hauondoki na macho.

Historia yake fupi: kazaliwa saa tisa alasiri ya jana yake, mimba imetimia, kilo 3.1, uchungu ulikuwa mrefu na kule zahanati alikoanzia rufaa ilichelewa, na alipotoka alikuwa kachoka. Wakunga wetu wakisema "mtoto kachoka" hawamaanishi uchovu wa safari, wanamaanisha kakosa hewa. Hakulia. Apgar, zile alama za hali ya mtoto anapozaliwa ambazo kamili ni 10, zilikuwa 3 dakika ya kwanza, 5 dakika ya tano, wakampumulisha kwa mfuko mpaka akashika mwenyewe. Kwa hiyo degedege saa 14 baada ya kuzaliwa halikuwa fumbo, watoto waliokosa hewa wengi wao huanzia ndani ya hizo saa 24 za kwanza. Sukari nikapima, 3.4, sio hiyo. Antibayotiki alikuwa ameshaanzishwa.

Dawa ya kwanza ni fenobabitoni, hilo halina mjadala, miligramu 20 kwa kila kilo, kwake 62, polepole kwenye mshipa. Mjadala ulikuwa ufunguo. Kabati la dawa za aina hiyo linafungwa, na ufunguo alikuwa nao sista wa zamu, na sista alikuwa kaitwa tieta kupokea mtoto mwingine, basi nikatuma mtu, mtu akarudi, nikatuma tena. Dakika 25. Wakati ule niliziona ni dakika 25 za kawaida za hospitali zetu, nitazirudia baadaye kwa sababu zilikuwa na bei.

Sista alipokuja tukampa. Nusu saa hivi baadaye mguu ukaacha kupiga, mdomo ukatulia, mtoto kalala kama watoto wengine. Mama akashika mikono yake kifuani akasema alhamdulillahi, na mi moyoni nikasema hivohivo, nikaenda kuandika faili. Nimeandika kabisa "degedege limeacha", saa kumi na mbili na robo. Bado naikumbuka hiyo sentensi kwa aibu fulani.

Sista hakuondoka pale. Ni mama wa makamo, kazi hii kaifanya tangu mimi niko shule ya msingi, na alikuwa kasimama tu anaangalia ile mashine ndogo ya mapigo na oksijeni iliyofungwa mguuni kwa mtoto. Akaniita bila kugeuka. "Mwanangu njoo uone. Huyu hajatulia, huyu kanyamazishwa."

Mapigo yalikuwa 130 na kitu, oksijeni 97, safi kabisa, nikamwambia sista mbona yuko vizuri, akasema subiri. Tukasubiri. Kama dakika saba zikapita, mapigo yakaruka ghafla mpaka 178, oksijeni ikashuka 84, midomo ikaiva rangi ya zambarau, afu baada ya dakika moja na nusu kila kitu kikarudi palepale. Mtoto hakusogeza hata kidole. Dakika sita zikapita, ikaja tena vilevile. Mi peke yangu ningesema ni dawa imebana pumzi, maana fenobabitoni inafanya hivo kweli, lakini pumzi iliyobanwa na dawa haiji kwa zamu na kuondoka kwa zamu, na haipandishi mapigo namna ile.

Tukaongeza dozi, miligramu 10 kwa kilo, mfuko wa kupumulishia uko mkononi. Ile zamu ya kupanda na kushuka ikaanza kuachana, dakika saba zikawa ishirini. Mchana wa siku hiyo tukampeleka hospitali kubwa yenye mashine ya EEG, gari likanasa Tazara kama kawaida ya Tazara, na kipimo cha nusu saa kikaonyesha degedege mara mbili kwenye umeme wa ubongo. Mara zote mbili mtoto alikuwa amelala mbele yetu, mikono wazi, uso mzuri.

Hiki kitu kinajulikana, kina jina lake kwa wataalamu, umeme na mwili kuachana njia. Kinachonikera ni kwamba shuleni nilifundishwa kama tahadhari ya mstari mmoja, kariri ujibu mtihani, hakuna aliyenieleza kwanini. Na kwanini yake ndo utamu wenyewe wa hiki kisa, nivumilie kidogo.

Kwenye ubongo kuna kemikali mbili kubwa za kupelekeana ujumbe: glutamati ya kuamsha seli ya neva na GABA ya kuituliza. Kila moja ina vipokezi vyake kwenye ukuta wa seli, vimlango ambavyo kemikali ikivigusa vinafunguka na chembe zenye chaji ya umeme zinapita. Fenobabitoni inakiacha kimlango cha GABA wazi muda mrefu zaidi, na diazepamu inakifungua mara nyingi zaidi. Kwa mtu mzima kimlango hicho kikifunguka kloraidi, chembe yenye chaji hasi, inaingia ndani ya seli, seli inapoa, mtu analala, degedege linakatika. Mpaka hapo hesabu rahisi.

Sasa kwa mtoto mchanga kimlango kipo na kinafunguka vizuri tu, tatizo liko kwenye kiasi cha kloraidi kilichoko ndani. Mfano wa kueleza hili sio wangu, ni wa bibi yake huyo mtoto, ambaye nyumba yake iko Mtoni Kijichi kule karibu na mikoko. Uani kwake kuna mfereji wa kutolea maji unaoishia kwenye mkono wa bahari. Siku za kawaida mvua ikinyesha mfereji unatoa maji nje, raha mustarehe. Mvua ikigongana na bamvua, bahari imejaa mpaka ukingoni, mfereji uleule, haujaziba, haujavunjika, unarudisha maji uani mpaka ndoo zinaelea. Ukiita fundi aupanue ndo umezidi kujiumiza, maana unaongeza njia ya maji kurudi. (Usinikamate kwenye nani anaingia nani anatoka, kwenye seli mwelekeo uko kinyume na wa uani kwa bibi, shika tu kwamba mlango ni mmoja na kinachoamua ni kimo cha maji pande mbili.)

Kinachopanga kimo cha kloraidi ni protini mbili. Moja inaitwa NKCC1, inaingiza kloraidi ndani, na hiyo iko kazini tangu tumboni. Nyingine KCC2, inaitoa nje, na hiyo ndo inachelewa kukua. Kwa hiyo seli changa imejaa kloraidi, na GABA ikifungua mlango, kloraidi inatoka badala ya kuingia, seli inaamka badala ya kupoa. Yehezkel Ben-Ari na wenzake kule Ufaransa waliliona hili kwa panya wachanga, wakaandika mwaka 1989, na watu wengi hawakuamini mara moja. Miaka kumi baadaye, 1999, kikundi cha Helsinki kikaonyesha kwamba KCC2 ndo inayogeuza mambo. Na 2005 watafiti wa Marekani wakaangalia ubongo wa binadamu: NKCC1 iko juu kabisa wiki za kuelekea kuzaliwa na inashuka ndani ya mwaka wa kwanza, KCC2 inapanda.

Sio kosa la uumbaji hilo. Seli changa inahitaji kuamshwaamshwa ili ikue na kuunga na wenzake, na GABA inaifanya hiyo kazi kabla glutamati haijajipanga. Shida inakuja ubongo ukikosa hewa.

Sasa rudi kwa mtoto wetu. KCC2 haipandi ubongo mzima siku moja. Inaanzia chini, uti wa mgongo na shina la ubongo, thalamasi, kituo cha kupokezana ujumbe katikati ya ubongo, nayo inatangulia, na gamba la juu linafika mwisho. Kwa hiyo ukimpa fenobabitoni mtoto wa siku moja, ghorofa za chini maji yameshakupwa, dawa inafanya kazi yake, amri za kutukutisha mguu zinazimwa njiani. Ghorofa ya juu bado ni bamvua. Gamba linaendelea kuwaka na mguu hauna habari. Mimi niliyekuwa naangalia mguu nikaandika limeacha.

Na zile dakika 25 za ufunguo? Degedege lenyewe linaijaza seli kloraidi zaidi. Kwa panya wachanga imeonekana fenobabitoni ikitolewa mapema inazima, ikitolewa baada ya degedege kurudiarudia inaweza hata kuchochea. Panya sio mtoto wa Mtoni Kijichi, najua, lakini tangu siku ile mi nikipokea zamu swali langu la kwanza ni ufunguo uko kwa nani, na watu wananiona nina matatizo.

Upande wa glutamati nao haujatulia, niupitie haraka. Kile kipokezi kinachoitwa NMDA kimeundwa kwa vipande, na mtoto mchanga ana kipande cha 2B kwa wingi, ambacho kinachelewa kufunga mlango, afu anavyokua kinaingia cha 2A ambacho kinafunga haraka. Pia kuna magnesiamu inayokaa kama kizibo kwenye huo mlango, na kwa wachanga kizibo kinalegea. Vya aina ya AMPA navyo vingi havijapata kipande cha kuzuia kalisiamu. Yote hayo yanamfanya mtoto ajifunze sauti ya mama yake kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuna tena, na yote hayo yanafanya moto ukishika ushike kwelikweli.

Mtu makini atauliza, kama GABA inaamsha mbona bado tunatoa fenobabitoni? Nilimuuliza bosi wangu hivohivo. Kwanza, mlango ukiwa wazi seli inavuja, na seli inayovuja ni ngumu kuisukuma hata kama GABA yenyewe inaamsha kidogo. Pili, mtoto aliyetimiza miezi sio panya wa siku tano, baadhi ya seli zake zimeshageuka. Ndo maana inafanya kazi nusunusu: jaribio la Marekani la 1999 fenobabitoni ilizuia degedege kwa asilimia 43 ya watoto, dawa nyingine ya degedege, fenitoini, asilimia 45, yaani wote sawa na wote hawaridhishi. Halafu 2020 wakaishindanisha na levetirasetamu, dawa ya kisasa ambayo kila mtu alikuwa anaipigia debe, fenobabitoni ikapata asilimia 80 na ya kisasa 28. Mzee bado yuko uwanjani. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 umemwacha namba moja.

Kuna waliojaribu njia ya akili zaidi, kuiziba NKCC1 kwa bumetanaidi, dawa ya kukojoza, ndugu yake lasiksi, ili bamvua ishuke kwanza. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Jaribio la Ulaya la 2015 lilisimamishwa watoto wakiwa 14 tu, dawa haikuzima degedege ilivotarajiwa na watoto 3 kati ya 11 waliobaki hai wakapoteza usikivu. La Boston la 2021 likaleta nafuu kidogo. Kwetu wodini haimo na sijutii.

Siku ya pili akaja mjomba wa mtoto na mfuko wa barafu. Kweli kabisa, barafu za kuuzia juisi, kaona mtandaoni kwamba Ulaya watoto waliokosa hewa wanapozwa mwili ubongo usiungue. Hajakosea, kule wanapoza mpaka nyuzi 33 na kitu kwa saa 72 na inaokoa. Ila jaribio la India, Sri Lanka na Bangladesh la 2021, watoto 408, waliopozwa walikufa wengi zaidi kuliko wasiopozwa. Nikamwambia mjomba asante, hiyo barafu kanywee juisi, huku kazi yetu ni asipate homa na asipoe.

Bibi yeye alikuja na la kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanivuta pembeni akasema hili ni degedege, na degedege halichomwi sindano, mtoto mwenye degedege ukimchoma anakufa, mngetuachia tumfukize kinyesi cha tembo. Kuna wenzangu wangecheka. Mi sikucheka kwa sababu usiku ule nimemchoma mtoto sindano na nimeona midomo inaiva zambarau. Watu wa pwani hawakuota tu hayo maneno, wameona watoto wanapelekwa wamechelewa, wanachomwa, wanakata roho palepale, sasa utamlaumu nani zaidi ya sindano. Nilimjibu kwamba ndo maana mfuko wa kumpumulishia haujatoka mkononi mwa sista. Akaridhika nusu.

Mtoto akaanza kunyonya siku ya sita, degedege halikurudi tangu siku ya tatu, EEG ya pili ikawa safi. Tukaikata fenobabitoni kabla hajaruhusiwa. Zamani walikuwa wanarudi nayo nyumbani miezi na miezi, lakini watoto 303 waliofuatiliwa Marekani, matokeo ya 2021, waliosimamishiwa dawa na walioendelea nayo hawakutofautiana wakiwa na miezi 24, na kwa panya wachanga dawa hizi zenyewe zinaua seli za neva zinazokua. Nikamweleza mama, akaelewa. Bibi hakuwepo siku hiyo, na hapo ndo nilipokosea.

Miezi mitatu, kliniki. Mtoto mzito wa usingizi, shingo imelegea, hatabasamu. Nikaanza kuwaza mabaya yote, nimeshaandika mpaka fomu ya picha ya kichwa, mama akawa anamwangalia bibi, bibi anaangalia dirishani. Nikamuuliza bibi, kuna dawa gani nyingine? Akafungua pindo la khanga akatoa kikaratasi. Vidonge vya fenobabitoni, vya miligramu 30, duka la dawa la mtaani, nusu asubuhi nusu usiku, tangu wiki ya pili. "Nyie mmemwachisha, mi nikaona likirudi usiku nitamkimbilia nani na bamvua hii, daraja halipitiki."

Hapo ndo akanieleza habari ya mfereji wake, nami nikaidaka palepale. Nikamwambia bibi, kichwa cha mtoto kilikuwa na bamvua, dawa ni kama kupanua mfereji, usiku ule hatukuwa na jingine, lakini sasa maji yanakupwa yenyewe na wewe unaendelea kuchimba uani. Akanyamaza muda. Akauliza, kwa hiyo nikiacha leo? Nikamwambia hapana, leo usiache, ukiikata ghafla ndo utaliita. Tukapunguza kidogokidogo kwa wiki kadhaa, vidonge anashika mama, na kila wiki ananitumia meseji. Fomu ya picha nikaichana.

Wiki chache baada ya kumaliza, meseji ikaja na video, mtoto anacheka na ndizi.

Miezi tisa wamekuja wote watatu. Anakaa mwenyewe, anageuka akiitwa, kijiko anakivamia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto anaukunja ngumi, dole gumba ndani, ukimpa kitu upande huo anavusha mkono wa kulia kuja kukichukua, na kwa umri huu haifai kuwa na mkono anaoupenda. Nikamwonyesha mama, nikaandika rufaa ya mazoezi, Jumanne na Alhamisi. Bibi akaniuliza maji yameshakupwa? Nikamwambia kwa sehemu kubwa yameshakupwa bibi, sasa kazi ni huo mkono. Akaukunjua ule mkono wa mtoto kidole kimoja kimoja, akaweka kijiko, mtoto akakitupa chini.